Anayeitikia Nje ya Dirisha

Jumamosi, 4 Julai 1953

Ndani kumi na mmoja. Hayupo Bujiku. Mara ya pili mfululizo.

Siiti majina mimi. Mwalimu mwenye macho haiti majina. Natazama nyuso, natia alama kwenye daftari, basi. Wenzangu wa vigango vingine huita majina kama makarani wa pamba, nusu ya saa imekwisha kabla ya somo.

Lakini kuitikia kwa leo kumenifurahisha. Somo la ubatizo. Mimi nauliza, wao wanajibu kwa pamoja, neno kwa neno, kama kitabu. Kuna sauti moja nene ya chini inawavuta wenzake. Nilitazama midomo ya wanaume nisijue ni ya nani. Mzee Nkwabi ana kifua, hawezi. Makoye anajibia puani. Nikaona si kitu. Nikatabasamu kuelekea dirishani, kwenye mwanga, nikasema: leo mmeitikia vizuri sana. Wakachekacheka.

Barua ya Euphrasia imefika kutoka Ushirombo. Mtoto ameota meno mawili. Anauliza narudi lini. Mwaka wa pili huu mke wangu kule, mimi huku Nyakasaka kwenye vumbi la mgodi wa dhahabu, nafundisha watu wanaotaka kujua tu Ukristo ni nini. Nimemjibu: darasa hili likimaliza zima, bila aliyeanguka, Padri atanirudisha.

Jumatano, 8 Julai

Bujiku hayupo. Mara ya tatu.

Sheria za darasa langu ni tatu na nilizisema siku ya kwanza, mwezi wa kwanza. Moja, kuwahi: saa kumi alasiri. Mbili, usafi: hakuna kuingia nyumba ya Mungu na tope la mgodini. Tatu, mahudhurio ni mguu ndani ya mlango. Anayekosa mara tatu mfululizo anafutwa, anaanza upya na darasa la mwaka ujao. Ya tatu ni ya misheni. Ya pili niliiongeza mwenyewe, maana wachimbaji hawa wakitoka shimoni wamepakwa tope la kijivu mpaka kope.

Sasa kufuta. Padri hapendi daftari lenye mistari juu ya majina, anasema ni dalili ya mwalimu asiyeshika watu wake. Nimechukua wembe mpya nikakwangua polepole. Jina limetoka lote. Karatasi hapo imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu, lakini ukiitazama juu juu huoni kitu. Darasa ni la watu kumi na mmoja, toka mwanzo.

Kitu kimoja. Leo tena sauti ile nene ilikuwepo. Nilihesabu midomo. Kumi na mmoja. Masikio yangu yakahesabu zaidi.

Alhamisi, 9 Julai

Bujiku amekuja nyumbani kwangu saa kumi na robo, ametoka kazini. Alisimama mbali na kizingiti, tope mpaka magotini, kofia ya mgodini mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekosa mara tatu. Nimekufuta."

Akaanza: mwalimu, wamenihamishia shifti ya mchana, natoka saa kumi kasoro, lakini mimi nili— Nikamkata. Nikamwambia kila mtu ana shifti, hata Mzee Nkwabi ana ng'ombe. Sheria ni msumeno. Nikanyosha mkono nikamwomba medali, maana medali ni ya mkatekumeni, mwenye kungoja ubatizo, na yeye si mkatekumeni tena. Aliivua shingoni taratibu, akaifuta tope kwa kidole gumba, akanipa.

Akasema, huku akitazama chini, kwamba jina alikwisha kulichagua. Onesmo. Hajamwambia mtu, hata Mageni mkewe, alitaka liwe zawadi siku ya maji. Nikacheka kidogo. Nikamwambia jina la ubatizo halichaguliwi na mtu aliyefutwa, aanze kwanza kuhudhuria.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Nitahudhuria tu."

Medali nimeitia kwenye kopo la chaki.

Jumatatu, 13 Julai

Saa nne asubuhi king'ora cha mgodi kilipiga, hakikunyamaza. Mwamba umeshuka. Wanawake wote wamekimbilia huko, wengine wakiwa na unga mikononi.

Saa nane wametoa majina. Watano wametoka hai. Mmoja bado. Ni Bujiku.

Jumatano, 15 Julai

Walimtoa jana, wakamzika jana hiyohiyo.

Kabla ya kuzika nyapara wake alituma mtu kwa baiskeli misheni, na Padri Ignas akaniandikia kikaratasi. Yeye ni mgeni huku, hajafika hapa Nyakasaka hata mara moja. Aliuliza jambo moja tu: huyu Bujiku ni mkatekumeni wako? Maana mkatekumeni akifa kabla ya maji, Kanisa linamzika kama mwanawe. Msalaba, sala, jina kitabuni.

Niliandika jibu nimesimama. Niliandika: si mkatekumeni, hajawahi kuwa wangu.

Ningeandika nini? Kwamba nilimfuta Jumatano, akafa Jumatatu? Kwamba nilikwangua kwa wembe? Angesema lete daftari.

Basi hakuna padri aliyekuja. Ndugu zake wamemzika kwa mila zao, nyuma ya zizi, bila msalaba. Mageni alikaa chini kando ya kaburi, hakulia. Alinitazama mara moja tu. Nilikuwa nimesimama na kitabu changu cha sala kimefungwa kwapani, kama mtu anayepita njia.

Jumamosi, 18 Julai

Mageni hayupo, yuko matangani. Waliokuja ni kumi.

Sijui niandikeje hili. Niliuliza swali la kwanza la marudio. Wakaitikia. Na ile sauti ikaitikia. Nene, ya chini, mbele ya wenzake kidogo, kama siku zote.

Niliuliza la pili. Ikawepo.

Hakuna aliyeshtuka. Labda ni mimi tu. Nilifunga kitabu nikasema nina homa, na kweli mikono ilikuwa baridi.

Jumatano, 22 Julai

Mzee Nkwabi alibaki baada ya somo. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi huku anakohoa. Nikamuuliza kwa ujanja: baba, yule mwenye sauti nene darasani ni nani?

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina la mtoto wake.

"Si Bujiku, mwalimu?"

Nikasema Bujiku alikuwa haji.

"Haji vipi? Alikuwa anasimama hapo." Akaonyesha dirisha, upande wa nje, upande wa njia ya mgodini. "Alikuwa anatoka shimoni moja kwa moja. Na wewe ulikataza tope. Basi anasimama nje, anaitikia, somo likiisha anakwenda kuoga. Sisi tulijua unamwona. Si ulimtazama ukacheka, ukasema tumeitikia vizuri?"

Nimekaa hapa mezani tangu jua lilipokuwa linazama mpaka sasa usiku umeingia. Alihudhuria. Masomo yote matatu alihudhuria, kwa sababu ya sheria yangu alisimama nje, na kwa sababu ya sheria yangu nikamfuta. "Lakini mimi nili—" Hapo ndipo nilipomkata. Nilikuwepo. Alitaka kusema nilikuwepo.

Nimeona aibu mpaka masikio yanawaka.

Kisha nikakumbuka Jumamosi. Maelezo ya Mzee Nkwabi yanatosha kwa siku za kabla ya kifo. Hayatoshi kwa Jumamosi. Na sikuthubutu kumuuliza, kwa sababu aliposema "alikuwa anasimama hapo", alivyoonyesha kwa kidole, alikishusha kidole haraka.

Jumamosi, 25 Julai

Nimezunguka nje kabla ya somo. Chini ya dirisha pakavu, vumbi jeupe, hapajapata mvua tangu mwezi wa tano.

Nimezunguka tena baada ya somo. Nyayo mbili. Vidole vimeelekea ukutani. Tope la kijivu, bichi, bado linang'aa maji. Nyayo mbili tu. Hakuna za kuja, hakuna za kwenda.

Nimezifunika kwa mchanga kwa jembe, harakaharaka, kama mtu anayeficha aliloiba.

Jumamosi, 1 Agosti

Nimepata dawa.

Nimegundua kwamba sauti inajibu yale Bujiku aliyojifunza. Basi nimeacha marudio. Naenda mbele tu, masomo mapya, yale ambayo hakuyafikia. Leo nimefundisha kitubio, maswali kumi na mawili mapya. Kimya dirishani. Kimya kabisa! Nimesikia watu wangu tu, wakikosea kosea, na makosa yao yalikuwa matamu masikioni.

Nimekula vizuri leo. Wali na dagaa wa ziwani.

Jumatano, 5 Agosti

Kimya.

Jumamosi, 8 Agosti

Kimya. Nimewaambia wanafunzi tutakwenda mwendo wa haraka mpaka mtihani. Makoye amelalamika kwamba kichwa hakijai kama gunia. Nimemwambia ashukuru anacho.

Jumatano, 12 Agosti

Swali: Mtu afanye nini ili dhambi yake iondolewe? Wakaitikia: Ajute, aiseme, ailipe.

Na baada yao, nusu ya pumzi nyuma, kwa sauti ya chini, ya mtu anayejaribu neno mdomoni kabla ya kulimeza: ajute. Aiseme. Ailipe.

Inajifunza. Mungu wangu, anajifunza. Kumbe ule ukimya haukuwa wa mtu aliyeondoka. Alikuwa anasikiliza.

Jumamosi, 15 Agosti

Sikukuu ya Mama Bikira. Sala tu, hakuna somo. Nimeshukuru.

Alhamisi, 20 Agosti

Mageni amekuja, kichwa kimenyolewa, mtoto wao Sikujua mgongoni. Nimemkaribisha kiti, amekaa chini.

"Mwadila, mwalimu," akaniamkia kwa Kisukuma chao cha jioni. Nikamuuliza hali ya nyumbani.

Akasema hali mbaya. Wakwe zake wamemwita mganga kuuliza kwa nini mtoto anaamka kila alasiri saa kumi na kunyosha mikono kuelekea njia ya mgodini. Mganga akachinja kuku, akatazama ndani, akasema marehemu hayuko na mizimu ya wazee wake. Walimwita, hakuja. Kanisani nako hayuko. Yuko nje. Amesimama.

"Wanataka kumvika mtoto bangili ya babu yao, ili baba yake apate mlango wa kuingilia upande wao," akasema. "Na mimi nirithiwe na shemeji yangu mkubwa. Nimekataa. Nimewaambia mume wangu ni mtu wa Kanisa, na mimi na mtoto ni watu wa Kanisa. Wakaniuliza, mbona Kanisa halikuja kumzika? Wamenipa mpaka Padri aje. Padri akisema Bujiku ni wake, wataniacha. Akisema si wake, wananichukua siku hiyohiyo. Shemeji amekwisha kutengeneza nyumba."

Nikasogeza kopo la chaki pembeni.

"Mama Sikujua," nikamwambia, "mumeo aliacha mwenyewe."

Alinyanyua uso. Hakuwa na hasira. Nafuu angekuwa na hasira.

"Aliacha lini, mwalimu? Ile Jumatano ya mwisho alirudi nyumbani anaimba somo. Aliniimbia mimi, mimi niliyekuwa ndani, nilikuwa nimesahau."

Nilisema nina kazi. Aliondoka. Mlangoni aligeuka akasema atarudi darasani Jumamosi, atakaa benchi la nyuma, karibu na dirisha.

Mimi ni mwongo. Naandika hapa kwa sababu walimu wetu wa Ushirombo walituambia tuandike kila siku ili kuchungulia dhamiri. Haya nimechungulia. Nimemwona mtu mwenye suruali safi, anayetaka kurudi nyumbani kwa mke wake, na njiani amemwangusha mke wa mwenzake ili apate kupita.

Jumamosi, 22 Agosti

Nilifunga dirisha. Nilisema vumbi.

Hakuna sauti. Lakini hakuna na somo. Niliuliza swali la kwanza kabisa la kitabu, ambalo hata watoto wanalijua, wakatazamana. Wakaanza, wakakwama. Kila swali hivyo. Kumbe miezi yote hii walikuwa wanaongozwa. Mimi nilikuwa nauliza, yeye ndiye aliyekuwa anafundisha.

Mageni peke yake alijibu yote. Kabla ya kila jibu aliinamisha kichwa ukutani kidogo, kama mtu anayenong'onezwa kutoka upande wa pili.

Jumamosi, 29 Agosti

Dirisha lilikuwa wazi nilipoingia. Niliuliza nani kafungua. Makoye akasema joto. Nikamuuliza ni wewe? Akasema hapana, lakini joto.

Ameitikia yote. Hachelewi tena.

Jumamosi, 5 Septemba

Barua ya Padri Ignas. Atafika Jumatatu tarehe 21 kuwasikiliza wakatekumeni mmoja mmoja na kukagua daftari. Wakifaulu watakwenda misheni kwa mafundisho ya mwisho na ubatizo. Na kwangu: amesifu darasa lisilopoteza hata mtu mmoja, jambo la nadra kwenye vigango vya mgodini. Nafasi ya mwalimu mkuu wa Ushirombo iko wazi. Akilikuta daftari kama anavyosikia, ni yangu, niondoke naye.

Nimeisoma mara tatu. Furaha ilikuja, ikakaa kidogo, ikatoka.

Jumatano, 9 Septemba

Nimemaliza kitabu. Somo la mwisho, swali la mwisho. Nimehesabu kwenye vidole masomo aliyohudhuria. Ukitoa yale ya siku za msiba ambazo hapakuwa na darasa kwa mtu yeyote, hakukosa hata moja. Hata Mzee Nkwabi amekosa mawili. Mimi mwenyewe nilikatiza moja.

Mwanafunzi wangu bora hana jina.

Jumamosi, 19 Septemba

Leo, kwa mara ya kwanza tangu nije hapa, nimeita majina. Nilisema ni mazoezi, maana Padri ataita. Uongo mwingine mdogo juu ya mkubwa.

Makoye. Nipo. Nkwabi. Nipo, mwalimu. Wakaendelea. Nikafika kwa Mageni. Nipo. Chini ya jina lake ndipo palipokwanguliwa. Nikasimama. Sikutaka kusimama, jicho lilinasa pale kwenye wembamba ule, na mwanga wa dirisha ulikuwa unapita kwenye karatasi kama kwenye tundu.

Walingoja. Hakuna aliyekohoa. Hata mtoto wa Mageni alinyamaza, akanyosha mikono.

Nje ya dirisha mtu alivuta pumzi, kama anavyovuta mtu anayejiandaa kujibu jina lake.

Nikasoma jina linalofuata.

Ile pumzi ilitolewa polepole sana. Nimeisikia mimi, wameisikia wote. Mzee Nkwabi alivua kofia yake akaiweka magotini. Mageni alifumba macho. Waliondoka bila kuniaga, na hawa ni watu wa kuaga mpaka ukachoka.

Jumapili, 20 Septemba

Nimekwenda kaburini baada ya sala za asubuhi. Udongo umepasuka kwa jua. Shemeji yake alikuwa zizini, alinitazama, akaendelea na ng'ombe wake. Nyumba mpya kaipiga na lipu.

Nilifungua kitabu kwenye sala ya marehemu. Nilisoma vizuri mpaka mahali pa kutaja jina. Nikakwama. Nikafunga kitabu.

Kopo la chaki liko hapa mezani. Medali imo. Nimeipangusa. Bado ina tope kwenye pete yake ndogo, haliondoki.

Jumatatu, 21 Septemba

Naandika sakristiani, chumba cha nyuma ya altare, kwa penseli. Nimejifanya natafuta daftari. Liko mbele yangu.

Niandike upesi, kwa mpangilio.

Padri Ignas alifika saa nane kwa pikipiki, kijana kuliko nilivyodhani, miwani minene. Ndugu za Bujiku wamekuja pia, wanaume watatu, wamekaa mbele ya kanisa na fimbo zao, wanangoja neno. Shemeji mkubwa amevaa kanzu mpya.

Kwa desturi mwalimu hakai ndani wakati wa mtihani, asije akawasaidia wanafunzi kwa macho. Basi nilikaa mlangoni na watu. Padri aliweka kiti karibu na dirisha apate mwanga. Waliingia mmoja mmoja, wakatoka mmoja mmoja. Makoye alitoka anajipangusa jasho. Mageni aliingia wa mwisho, akatoka, akaja kukaa kwenye benchi la mlangoni, kando yangu hasa. Nikahesabu. Kumi na mmoja wamekwisha. Nikangoja Padri atoke.

Hakutoka. Tulimsikia ndani anaendelea kuuliza. Anauliza, ananyamaza, anauliza. Muda mrefu. Watu wote kumi na mmoja walikuwa nje, mbele ya macho yangu. Mzee Nkwabi akaanza kusali kwa midomo.

Kisha Padri alitoka anatabasamu.

"Mwalimu Gregory, hongera," akasema. "Wote wamefaulu. Lakini yule wa mwisho amewapita wote. Kitabu kizima, mpaka nikaona haya kumuuliza tena. Sasa kwa nini unamwacha nje? Nimemwambia aingie, akaniambia ana tope na mwalimu amekataza."

Niligeuka nikatazama njia ya mgodini.

"Jua lilikuwa machoni, sikumwona vizuri, nimeona kofia ya mgodini tu. Nilimuuliza jina. Akasema Onesmo. Hapo nikachanganyikiwa kidogo, maana hajabatizwa. Akasema ni jina alilochagua, na mwalimu wake analijua. Niletee daftari nimtie alama. Na mwambie aingie, maskini. Tope ni nini?"

Hakuna mtu anayelijua jina hilo. Mageni halijui. Nilimtazama alipolisikia, alikuwa kama mtu aliyepewa kitu mkononi bila kuambiwa ni cha nani. Ni mimi tu. Na shajara hii ninayoiandika.

Ndugu zake wamesimama. Shemeji mkubwa ameuliza kwa Kisukuma, huyo wa dirishani ni nani. Padri ametutazama mmoja mmoja, tabasamu limeanza kumtoka.

Nikasema: nikalete daftari, Padri.

Sasa niko hapa. Liko wazi mbele yangu. Wino upo, kalamu ipo. Naweza kuliandika jina pale pale palipokwanguliwa, lingeingia sawasawa, na nikasema mtu huyu amekwenda zake. Alama zake zote ningezitia. Padri haoni vizuri. Mageni angesalimika, mimi ningesalimika, Ushirombo jioni hii. Nimechovya kalamu.

Wino umedondoka tone moja kwenye wembamba ule, ukapita mpaka ukurasa wa pili.

Nimeiweka kalamu chini. Nitalipeleka hivihivi. Nitamwambia Padri mbele ya watu wote, na mbele ya wale wenye fimbo: huyu alikuwa wangu, sikumwona, nikamkwangua, nikakuandikia uongo akazikwa kama mgeni. Nitasema katika lugha wanayoielewa wote. Euphrasia atanisamehe au hatanisamehe.

Padri ameita mara ya kwanza.

Sakristia hii ina kidirisha kidogo juu ya meza, na mlango wake mwenyewe wa upande wa njia ya mgodini. Tangu nikae hapa kuna mtu nje ya kidirisha. Hasemi. Anakohoa kidogo, kwa adabu, kama mtu anayengoja kuitikiwa hodi. Nasikia maji yakidondoka kwenye vumbi.

Nimeshika medali, nilikuja nayo mfukoni.

Padri ameita tena. Wanakuja, nasikia viatu vyake na miguu ya Mageni.

Nimesema kwa sauti, ili nisije nikajirudi: "Onesmo, pita mlangoni. Pita na tope lako."

Kikohozi kimekoma. Kuna miguu inazunguka nyumba, mizito, taratibu, inakuja upande wa mlango. Mlango nimeusukuma mwenyewe, uko wazi. Mwanga wa alasiri umeingia mpaka chini ya meza, na sasa hapo kwenye kizingiti, kwenye saruji kavu niliyoifagia asubuhi, mguu wa kwanza wa tope la kijivu umo ndani ya mlango